Kupiga picha wari wakiruka: mwongozo wa pwani ya Dar es Salaam

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nilikaa mchangani Kunduchi kuanzia saa tatu asubuhi, kamera mapajani, nikisubiri ndege. Karibu yangu alikuwepo mzee mmoja akishona nyavu kivulini mwa ngalawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tangu asubuhi nakuona tu. Unangoja nini?"

"Ndege, mzee. Nataka kuwapiga wakiruka."

Akaweka sindano chini. "Kuwapiga? Wamekukosea nini?"

Nilipomwonyesha kamera akacheka, kisha akanyoosha kidole baharini. "Saa hizi maji yamekwenda. Hao ndege wako wako kule kwenye mafungu, wanakula. Njoo saa tisa. Maji yakirudi, yanarudi nao."

Nilienda kula, nikarudi saa tisa, na ilikuwa kama alivyosema. Lenzi niliyobeba siku ile ilikuwa na thamani kuliko ngalawa yake, na haikunisaidia kitu asubuhi nzima. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na bahari. Kamera tutaifikia.

Kwanza, ukweli kuhusu wari

Mwari ni yule ndege mkubwa mwenye mdomo mrefu na mfuko wa ngozi chini yake. (Ndiyo, ni neno lile lile la binti anayetolewa unyagoni. Ukimwambia bibi yako kwamba umeshinda ufukweni ukipiga picha wari, fafanua haraka.) Tanzania ina aina mbili. Mwari mweupe ni mkubwa zaidi, huvua kwa makundi, na makundi makubwa hukaa kwenye maziwa ya bara kama Manyara. Mwari mwenye mgongo wa waridi ni mdogo kidogo na wa kijivujivu, mara nyingi huvua peke yake, na ndiye unayeweza kumtarajia zaidi pwani, kwenye midomo ya mito na mikoko.

Dar si Manyara. Kuna wiki utazunguka fukwe zote usimwone mwari hata mmoja, kisha siku moja wanapita wanne kwa mstari juu ya maji. Kwa hiyo mazoezi hayawasubiri wao. Yangeyange, buabua, shakwe, mnandi, mwewe na sululu wapo, na kila utakachojifunza kwao kitakufaa siku wari watakapopita. Na kunguru! Hawa weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 kisha wakatapakaa pwani nzima, wanachukiwa na kila mtu mjini. Mimi nawashukuru kwa jambo moja: wamenifundisha kufuata ndege kwa lenzi. Wapo kila mahali, hawaogopi mtu, na ukiwakosa mara mia hakuna unachopoteza.

Mambo matatu ya kusoma: maji, jua, upepo

Kabla ya kuchaji betri, jiulize maswali matatu.

La kwanza ni maji. Maji yakipwa, ndege husambaa mbali kwenye matope na mafungu, na wewe unabaki na vidoti vyeupe. Maji yakianza kujaa, eneo lao la kula linapungua, wanainuka kidogo kidogo na kusogea ufukweni au kuelekea kwenye mikoko. Saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa kabisa ndizo zako. Hapa Dar tuna bahati ambayo watu wengi hawajaitambua: siku za bamvu, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri. Kwa hiyo maji yanawasogeza ndege kwako wakati ule ule mwanga unapoanza kuwa mzuri. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Wiki ya maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: jioni maji yanakuwa yametoka, ingawa si mbali sana. Angalia jedwali la maji kwenye simu, au muulize mvuvi yeyote. Usiende kwa kubahatisha.

La pili ni jua. Pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi, ukisimama Coco Beach ukitazama baharini, jua liko usoni mwako na kila ndege ni kivuli cheusi. Wengi huamka alfajiri kwa sababu wamesikia kwamba mwanga wa asubuhi ni mzuri, wanarudi na picha nyeusi, halafu lawama zote zinaangukia kamera. Alasiri jua linakuja kutoka bara, nyuma ya mgongo wako, na linamwangaza ndege usoni na chini ya mabawa. Kuanzia saa tisa na nusu hadi jua linapozama ndio wakati wa kazi. Asubuhi ina matumizi mawili. Unaweza kuamua kwamba kivuli ndicho unachokitaka: mwari ana umbo linalotambulika hata akiwa mweusi mbele ya anga la rangi ya chungwa. Au unaweza kwenda mahali pa kutazama magharibi, mfano kisiwa cha Mbudya upande unaotazama bara, ambako jua la asubuhi linakuwa mgongoni.

La tatu ni upepo, na hapa ndipo wapiga picha wazoefu wanapowaacha wengine. Ndege anapopaa na anapotua huukabili upepo. Akiruka dhidi ya upepo anakwenda polepole, wakati mwingine karibu anasimama hewani. Akiwa na upepo nyuma anapita kama bodaboda. Wakati wa kusi, upepo ukitoka kusini na kusini-mashariki, ukiwa umeitazama bahari ndege watakaoenda taratibu ni wale wanaoelekea kuliani kwako. Wakati wa kaskazi ni kinyume: wa polepole ni wale wanaoelekea kushotoni. Chagua hao. Wale wa upande wa pili waache wapite, wanakula memori kadi tu.

Tatizo la pwani yetu ni kwamba mchana upepo hutoka baharini ukikupiga usoni. Ndege anayetua karibu yako atakuonyesha mkia. Dawa yake ni kutafuta mahali ambapo upepo unakupita ubavuni, ili ndege apite mbele yako kwa upande, jua likimpiga. Ufuo mrefu ulionyooka husaidia wakati wa kusi, kwa sababu ndege hupenda kupita sambamba na mstari wa mawimbi. Mapema asubuhi, upepo wa umande unapotoka bara, ndege wanaotua wanakuja wakikutazama, lakini jua ndilo hilo, liko mbele yako. Mara chache utapata vyote.

Pa kwenda

Mdomo wa Mto Msimbazi, kati ya Daraja la Salenda na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, ndipo ninapopapenda kuliko pote. Kuna matope, kuna mikoko, na maji yanapojaa yangeyange na sululu wanaruka kwa mafungu mafungu. Piga ukiwa nchi kavu. Maji ya Msimbazi ni machafu, usiyaingie hata kama ni ya magotini, na usisimamishe gari juu ya daraja.

Kunduchi ni pazuri kwa sababu ya mkondo wenye mikoko na wavuvi wanaoparua samaki. Matumbo ya samaki yanaita ndege. Coco Beach ni rahisi kufika, lakini Jumapili imejaa watu, na ndege hukaa mbali na makelele. Nenda katikati ya wiki, anzia upande wenye miamba.

Ukitaka visiwa, Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, na kuna kiingilio. Fungu Yasini ni mchanga mtupu ambapo buabua hupumzika. Kaa kwenye boti. Ukishuka ukawafukuza umewaharibia mapumziko, na picha utakayopata ni ya migongo.

Soko la samaki la Feri lina ndege wengi na wa karibu kuliko popote mjini, na ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi. Ikulu ya Magogoni iko hapo jirani, bandari iko hapo. Picha ya ndege yenye Ikulu nyuma yake ni picha ya Ikulu, na askari hatakuuliza ulikuwa unalenga nini. Vivyo hivyo kwa kambi za jeshi na vyombo vya ulinzi popote pwani. Kama huna uhakika na kilichopo nyuma ya ndege, shusha kamera.

Popote uendapo, salimia kabla ya kutoa kamera. Wavuvi wamechoka kupigwa picha na watu wasiosema hata hodi. Sema unataka ndege, si sura zao, uwaonyeshe moja mbili kwenye kioo. Nenda mkiwa wawili, mkanda wa kamera uuvuke mwili badala ya kuning'inia bega moja, na giza likianza kuingia funga begi uondoke. Vibaka wa pikipiki hawahitaji zaidi ya sekunde mbili.

Vifaa

Lenzi ya milimita 300 ndiyo ya chini kabisa. 400 inatosha kwa mengi. Kamera yenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) humfanya ndege aonekane karibu zaidi, kwa hiyo kamera ya kawaida ya zamani ikiwa na lenzi ya 70–300 inaweza kabisa kuanza kazi hii. Ukinunua lenzi iliyotumika, iwe Kariakoo au kwa mtu, ichunguze ndani kwa tochi: joto na unyevu wa Dar hufuga kuvu kwenye vioo, na ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, rudisha.

Stendi ya miguu mitatu waachie wapiga picha wa mandhari. Mwari mzee mwenye mabawa ya zaidi ya mita mbili anapita kichwani na wewe bado unahangaika na skrubu. Shika kwa mkono.

Mwenye simu tu asikate tamaa, ila abadili lengo. Simu haitakupa jicho la mwari aliye mita 80. Itakupa mstari wa ndege mbele ya jua linalochomoza, na hiyo ni picha kamili. Gusa kioo palipo na mwanga mkali ili ndege wabaki vivuli safi, kisha piga kwa mfululizo.

Kuiandaa kamera

Nitakupa namba za kuanzia, halafu sababu zake.

Jua kali, saa tisa na nusu: ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi; namba ikishuka tundu linapanuka), sekunde 1/1600. Weka kwa mkono, yaani M, na usiiachie kamera ikuamulie mwanga. Sababu ni hii: mwari akipita mbele ya anga jeupe, kamera inadhani kuna mwanga mwingi inamtia giza; akipita mbele ya mikoko, inadhani ni giza inamuunguza mpaka manyoya yanakuwa karatasi tupu. Mwanga unaompiga ndege ni ule ule muda wote. Kilichobadilika ni kilicho nyuma yake. Ukiweka kwa mkono, anabaki sawa popote aendapo. Piga picha moja ya majaribio ya ndege mweupe yeyote, mkuze kwenye kioo, uangalie kama manyoya yana mistari. Kama hayana, panda hadi 1/2000 au 1/2500. Jua likishuka kuelekea saa kumi na moja, fungua hadi f/5.6 kwanza, kisha panda ISO hadi 800 au 1600. Chembechembe kwenye picha zinavumilika, ukungu wa mwendo hauvumiliki.

Kasi ya shata, yaani ile sehemu ya sekunde, inategemea ndege. Mwari hupiga mabawa polepole, mara chache, kisha anateleza. 1/1250 inaweza kumtosha. Buabua ni kama karatasi iliyopeperushwa, usishuke chini ya 1/2500.

Fokasi, yaani namna lenzi inavyomweka ndege aonekane wazi, iwe ya kufuata, ile inayoitwa AF-C kwenye Nikon na Sony na Servo kwenye Canon. Kama kamera yako ina utambuzi wa ndege, uwashe. Kama haina, tumia kundi dogo la vituo vya fokasi vya katikati, si kituo kimoja wala si fremu nzima; fremu nzima itapenda mawimbi kuliko ndege. Washa upigaji wa mfululizo. Kitulizaji cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono, kiweke kwenye hali ya kufuata mwendo, na kama hakina hali hiyo, kizime. Kwa kasi ya 1/2000 hukihitaji.

Kumfuata

Hapa ndipo penye kazi, na hapana njia ya mkato.

Mwone kwa macho kwanza, akiwa mbali. Usimwondoe machoni, inua kamera mpaka iingie kati ya jicho lako na yeye, bila kushusha uso kutafuta kitundu cha kutazamia. Ukiwa na zumu, anza na milimita 200 umpate, kisha vuta. Kabla hata ndege hajaja, fokasi iweke kwenye kitu kilicho umbali unaofanana, mfano ngalawa iliyotia nanga, ili lenzi isianze kuhangaika kutoka mchangani.

Miguu iachane, viwiko vibane mbavuni, mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi. Elekeza vidole vya miguu mahali unapotaka kupiga, halafu zungusha kiuno kumpokea ndege anakotokea. Wengi hufanya kinyume: wanasimama wakimtazama anakotoka, na akifika mbele yao kiuno kimeisha. Mfuate, gusa fokasi, endelea kumfuata, bonyeza kwa mafungu mafupi ya picha nne tano, na usisimamishe mwili unapobonyeza. Kosa la kila mwanafunzi ni hilo la mwisho, kidole kikishuka kiuno kinaganda.

Jizoeze kwa kunguru wiki mbili kila jioni nyumbani. Majirani wataongea.

Kusoma mwili wa mwari

Mwari ni mzito, hawezi kupaa ghafla kama njiwa. Hujigeuza kuukabili upepo, hutanua mabawa, kisha hukimbia juu ya maji akiyasukuma kwa miguu yote miwili kwa pamoja, pah, pah, pah, akiacha nyayo za povu nyuma yake. Ukimwona amegeuka kuutazama upepo na kunyoosha shingo, kamera iwe tayari usoni. Mfululizo huo wa kupaa ni bora kuliko picha ya mwari aliye juu angani, ambako hana cha kulinganishwa nacho.

Akishapaa, hurudisha kichwa nyuma na kukilaza mabegani, mdomo ukipumzika kifuani. Kwa hilo utamtofautisha na heroe, anayenyoosha shingo mbele. Wakiwa kundi hupangana kwa mstari, na wa nyuma huiga wa mbele: kiongozi akipiga mabawa, mpigo unapita mpaka wa mwisho kama wimbi. Subiri mabawa yawe juu kabisa au chini kabisa. Yakiwa katikati, ndege anakuwa kijiti.

Akitua, hutanguliza miguu mbele na kuteleza juu ya maji, mabawa yakiwa yametanuliwa kama breki. Ukitaka picha hiyo, kaa chini. Lala ikibidi. Lenzi ikiwa karibu na usawa wa maji, ndege anakuwa mkubwa na bahari nyuma yake inakuwa rangi laini. Acha nafasi mbele ya mdomo wake zaidi ya nyuma ya mkia. Picha inayombana puani haina pumzi.

Usimtegemee ajitupe majini kutoka juu kama unavyoona kwenye video za Amerika. Yule ni mwari wa kahawia. Wetu huvua akielea juu ya maji, kwa kuzamisha mdomo na kuinua.

Na usimrushie jiwe ili apae. Nimemwona mtu akifanya hivyo mbele yangu, tena na kamera nzuri. Ndege aliruka kuelekea baharini, mkia kwetu, na hakurudi siku ile.

Nyumbani

Kama chumba kina kiyoyozi, uwe mwangalifu unapotoka: kamera baridi ikikutana na hewa ya Dar inatoka jasho, ndani na nje. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kuitoa ufukweni. Ukiwa ufukweni usibadili lenzi mchangani kwa sababu yoyote ile.

Chagua picha kesho yake, si usiku ule ule ambao bado unazipenda zote. Katika 600 nabaki na tano au sita, na siku nyingine sibaki na hata moja. Kuza jicho kwanza. Kama halijakaa sawa, futa, hata kama mabawa ni mazuri kiasi gani. Nyoosha upeo wa bahari, ukipinda maji yanamwagika. Punguza mwanga wa sehemu nyeupe mpaka manyoya yaonekane, na usiongeze rangi ya bluu ya bahari: waliozaliwa pwani watajua.

Kisha chumvi. Chukua kitambaa laini, kiloweshe kwa maji ya bomba, kikamue kabisa, ufute mwili wa kamera na nje ya lenzi, ukimalizia kwa kitambaa kikavu. Kioo cha mbele kipulize kwanza kabla ya kukigusa, maana punje moja ya mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Weka vyote kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vijipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele hapana, una vumbi.